Jeevanjee: Tajiri aliyeachia Nairobi bustani, na mzigo wa kuitunza

KILA adhuhuri jua linapowaka juu ya barabara ya Moi Avenue jijini Nairobi, mamia ya watu huingia katika Bustani ya Jeevanjee kutafuta kivuli. Wamo wasaka kazi waliozunguka maofisini tangu alfajiri bila mafanikio, wahubiri, wapiga picha, wanafunzi, na wale wajuzi wa siasa wa Bunge la Mwananchi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiijadili hali ya nchi chini ya miti hiyo.

Bustani hiyo ya takriban ekari tano imezungukwa na Moi Avenue, Monrovia, Muindi Mbingu na Moktar Daddah. Lau ingekatwakatwa kuwa ploti, bei yake ingewatoa macho hata mabwanyenye. Hata hivyo, haikutengwa na serikali ya kikoloni wala haikununuliwa na halmashauri ya mji. Ilitolewa na mfanyabiashara mmoja, Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyeitengeneza kwa fedha zake mwenyewe na kuwakabidhi wakazi wa mji ambao wakati huo ulikuwa haujatimiza hata miaka 10.

Lakini zawadi ya bustani si sawa na zawadi ya fedha. Fedha hutumika zikaisha. Bustani hudai kila mwezi. Nyasi hazina budi kukatwa, matawi yaliyooza kupogolewa, takataka kuzolewa, na mlinzi kulipwa mshahara. Nani agharimie? Jibu ambalo Nairobi ilirithi kutoka kwa Waingereza ni kwamba mwenye ardhi ndiye alipe, kwa kiwango kinachotokana na thamani ya ploti yake. Jeevanjee alikuwa mmoja wa wenye ploti wakubwa kabisa wa mji huo, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia akiuliza ni kwa nini mfuko wake ulikaribishwa mahali ambapo sauti yake haikutakiwa.

Alizaliwa mwaka wa 1856 mjini Karachi, wakati huo ikiwa sehemu ya India ya Waingereza na leo ikiwa Pakistan, katika jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Bohora. Hakupata elimu kubwa ya shule. Akiwa bado kijana aliingia katika biashara ndogondogo, na katika miaka ya 1880 alisafiri hadi Adelaide, Australia, ambako alichuuza bidhaa za Mashariki. Aliporejea alikuwa na mtaji na, muhimu zaidi, alikuwa amejifunza kusoma mahitaji ya watawala wa Kiingereza kabla wao wenyewe hawajayatamka.

Mnamo 1890 alitia nanga Mombasa. Pwani hiyo ilikuwa imewazoea wafanyabiashara wa Kihindi kwa karne nyingi, lakini wengi wao walikuwa wakiuza na kununua pembe, nguo na karafuu. Jeevanjee aliona biashara ya aina nyingine. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha eneo hilo, na baadaye serikali iliyoichukua nafasi yake mwaka wa 1895, ilihitaji watu, chakula, mawe na majengo. Alikuwa tayari kuyaleta yote.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka wa 1896, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zilizopewa kandarasi ya kuwaleta vibarua kutoka Karachi. Iliwalisha pia, na kuchukua kazi za kuchimba na kupasua miamba. Kwa jumla Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli hiyo. Takriban 2,500 kati yao walifariki kwa maradhi, ajali na hata kuliwa na simba. Msingi wa utajiri wa Jeevanjee uko hapo, na mtu anayeisimulia hadithi ya ukarimu wake bila kuwataja makuli hao atakuwa ameisimulia nusu.

Reli ilifika mahali panapoitwa Nairobi mwezi wa Mei 1899. Palikuwa tambarare yenye kinamasi, na wahandisi waliichagua kwa sababu ndiyo nafasi sawa ya mwisho kabla ya treni kuanza kuupanda mwinuko wa Kikuyu. Hawakuwa wakifikiria mji. Lakini mwaka huohuo John Ainsworth, afisa aliyekuwa akisimamia mkoa wa Ukamba, alihamisha makao yake kutoka Machakos hadi hapo, na mji ukaota kama uyoga. Jeevanjee alihamia na nyundo zake. Alijenga nyumba za maafisa na ofisi za serikali, akanunua na kukodi ploti, akajenga maduka.

Mwaka wa 1900 ulitolewa utaratibu wa kwanza wa kuuendesha mji huo. Mpaka wake ulichorwa kwa namna ya ajabu kidogo: duara la maili moja na nusu kuizunguka ofisi ya Ainsworth. Ndani ya duara hilo iliundwa kamati iliyopewa jukumu la usafi, barabara na taa, na mamlaka ya kuwatoza wenye nyumba. Hapo ndipo ilipoanza kanuni ambayo Nairobi ingali nayo hadi leo, kwamba barabara ya mbele ya nyumba yako na mti ulio kando yake hulipwa na wewe na majirani zako kupitia mfuko mmoja wa mji.

Kwenye karatasi kanuni hiyo ni ya haki. Mitaro ikichimbwa na miti ikapandwa, thamani ya ardhi hupanda. Basi aliyefaidika arudishe sehemu. Tangu miaka ya 1920 Nairobi ilikwenda mbali zaidi, ikawa inatoza thamani ya ardhi tupu pasipo kuhesabu jengo lililo juu yake. Mwenye ploti iliyoota magugu alilipa sawa na jirani yake aliyejenga ghorofa, ili asijilalie tu akisubiri bei ipande kwa jasho la wengine.

Kasoro haikuwa katika hesabu. Ilikuwa katika meza iliyoamua fedha hizo ziende wapi.

Wahindi waliokuwa na maduka walibanwa katika soko lao, kwenye ploti ndogo zilizosongamana, karibu na mahali ambapo leo ni Biashara Street. Mitaro ilikuwa mibovu na takataka hazikuzolewa ipasavyo. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, maafisa wa afya waliamua kuliteketeza soko hilo kwa moto. Ugonjwa ulirudi tena katika miaka iliyofuata, na kila uliporudi, lawama ziliangukia mazoea ya Wahindi badala ya kamati iliyokuwa ikikusanya ada bila kuchimba mitaro.

Ni katika hali hiyo ambapo zawadi za Jeevanjee kwa mji zinapaswa kutazamwa. Mwaka wa 1904 alijenga soko la kisasa kwa kiwango cha siku hizo, ambalo lilitumika kama soko la mji kwa miaka mingi kabla ya City Market ya sasa kujengwa miaka ya 1930. Kisha akageukia kipande cha ardhi kaskazini mwa soko la Wahindi. Akakitandaza nyasi, akapanda miti na maua, akachora vijia. Katikati akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, ambayo mwaka wa 1906 ilifunuliwa na mwana wa malkia huyo mwenyewe, Duke of Connaught, aliyekuwa ziarani.

Wapo waliomcheka wakisema alikuwa akijipendekeza. Huenda kuna ukweli kidogo. Hata hivyo, sanamu ile ilikuwa pia hoja iliyochongwa. Malkia Victoria ndiye aliyekuwa ameahidi raia wake wa India, katika tangazo la mwaka wa 1858, kwamba rangi na dini hazingekuwa kizuizi kwao katika utumishi wa dola. Kumweka katikati ya Nairobi, kwa gharama ya Mhindi, mbele ya walowezi waliotaka Wahindi wafungiwe nje ya kila kitu kizuri, kulikuwa ni kuwakumbusha ahadi ya nyanya yao.

Na bustani yenyewe haikuwa ya Wazungu wala ya Wahindi peke yao. Familia yake imeshikilia miaka yote kwamba aliitoa kwa watu wa Nairobi, na hasa wasio na mahali pengine pa kupumzikia. Katika mji ambao vilabu, hoteli na hata viti vya treni viligawanywa kwa rangi, hilo halikuwa jambo dogo.

Baada ya kuikabidhi, matunzo yaliangukia mamlaka ya mji, yaani yaliwaangukia tena walipa ada, ambao yeye alikuwa mkubwa wao. Aliitoa bustani mara moja, na akaendelea kuilipia kila mwaka bila mtu kumpigia makofi.

Wakati huohuo Jeevanjee alikuwa ameingia katika uwanja mwingine. Mwaka wa 1901 alikuwa ameanzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza, W.H. Tiller. Aliliuza mwaka wa 1905. Wanunuzi walilipa jina la East African Standard, na baadaye wakalihamishia Nairobi, ambako liligeuka kuwa sauti ya walowezi, wapinzani wake wakubwa. Gazeti hilo ndilo The Standard la leo. Huenda hakuna uamuzi wa kibiashara uliomgharimu zaidi ya huo, ingawa hesabu yake haikuwahi kuandikwa katika daftari.

Siasa ilimfuata hadi mlangoni. Mwaka wa 1908 serikali ya London ilikubali, kupitia Lord Elgin aliyekuwa waziri wa makoloni, kwamba kama suala la utawala nyanda za juu zisigawiwe Wahindi. Msukumo huohuo ulishuka hadi mjini. Vilima vya magharibi mwa Nairobi, vyenye hewa baridi na udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, vilijazwa nyumba za Wazungu. Hatimiliki zake nyingi ziliwekwa masharti kwamba Mwasia au Mwafrika asiishi hapo isipokuwa kama mtumishi wa nyumba. Profesa W.J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa kuchunguza tauni ya 1913, alipendekeza kwamba miji ipangwe kwa kutenganisha rangi, na pendekezo hilo likawapa walowezi kisingizio cha kisayansi.

Jeevanjee aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1909, mtu wa kwanza asiye Mzungu kupata kiti humo. Alikuwa mmoja dhidi ya wengi, akizungumza mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wapangaji wake. Hakudumu. Aliona mapema kwamba kiti kimoja kilikuwa pambo, akaenda London mwaka wa 1910 kuyaeleza malalamiko yake huko, na mwaka wa 1912 akachapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa East African Indian National Congress.

Madai yake hayakuwa yote ya kupendeza. Katika ziara ile ya London aliunga mkono wazo la nchi hii kuwekwa chini ya serikali ya India, pendekezo ambalo lingembadilishia Mwafrika bwana tu. Katika hoja zake za miaka hiyo Mwafrika haonekani sana, ilhali ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya kibanda, akikatia vichaka vya vilima vya magharibi na kumwagilia maua asiyoruhusiwa kukaa karibu nayo saa za usiku. Mwafrika wa mjini hakuhesabiwa kuwa mlipa ada kwa sababu hakuruhusiwa kumiliki ploti. Alipojengewa mtaa wa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, alitozwa kodi ya nyumba humo, lakini hakupewa kura.

Kwa Wahindi vita vilikuwa vya namna nyingine kidogo: walimiliki, walilipa, lakini hawakuamua. Nairobi ilipopewa halmashauri kamili yenye meya mwaka wa 1919, Wazungu walijitwalia viti vingi na kuwaachia Wahindi vichache. Wahindi wakavisusia. Mwaka wa 1923 Jeevanjee, akiwa na umri wa miaka 67, alisafiri tena hadi London pamoja na kina M.A. Desai, B.S. Varma na Hussein Suleman Virji, kudai orodha moja ya wapigakura na kuondolewa kwa mipaka ya rangi mijini.

Walirudi na waraka wa Devonshire, ambao uliwapa nusu ya mkate. Sheria ya kuwatenganisha watu mijini kwa rangi iliachwa, lakini nyanda za juu zilibaki za Wazungu na orodha za wapigakura zilibaki mbili. Masharti yaliyo katika hatimiliki za mitaa ya magharibi hayakuguswa, maana yalihesabiwa kuwa mapatano ya watu binafsi. Mwezi Januari 1924 mkutano wa Congress mjini Mombasa, ulioongozwa na mshairi na mwanasiasa kutoka India, Sarojini Naidu, uliazimia kwamba Wahindi wasilipe kodi ya kichwa. Hatimaye mgomo huo ulififia. Lakini wazo kwamba asiyesikilizwa asilipe lilikuwa limekwisha kuota mizizi Nairobi.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu miti ya mji huu. Hadi mwaka wa 1927 sehemu kubwa ya makazi ya Wazungu ilikuwa nje ya mpaka wa halmashauri. Wakazi wa huko walishuka mjini asubuhi, wakatumia barabara, soko na ofisi zake, kisha jioni wakapanda vilima vyao kulala mahali ambapo mkusanyaji ada hakufika. Tume ya Jaji Richard Feetham ilipochunguza serikali za mitaa mwaka wa 1926 na 1927, ilipendekeza wavutwe ndani. Mpaka ulipanuliwa kutoka takriban kilomita 25 za mraba hadi zaidi ya 70, na mitaa kama vile Muthaiga, Westlands, Parklands ya juu na Kilimani ikaingia.

Kwa upande mmoja hilo lilikuwa haki: matajiri wa vilimani nao walianza kuchangia. Kwa upande mwingine, tume hiyohiyo ilihakikisha kwamba Wazungu wangebaki na viti vingi katika halmashauri iliyopanuka. Basi mfuko ukawa mkubwa na mkono wa kuufungua ukabaki uleule. Lami, mabomba na miti ya kandokando ya barabara vilitangulia kupanda vilima vya magharibi kabla ya kuteremka mashariki. Jakaranda na bogenvilia zilizoipa Nairobi sifa ya mji wa kijani, nyingi zikiwa kazi ya mkuu wa bustani za mji Peter Greensmith kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, zilistawi kwa fedha za wote. Kwamba ni nzuri hakuna mwenye macho atakayebisha.

Jeevanjee hakuziona. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kushuka. Kandarasi za serikali zilikuwa zimekatika zamani, siasa na safari za ng'ambo zilikuwa zimemla mtaji, na mali ilikuwa imemponyoka kipande baada ya kipande. Alifariki mwaka wa 1936 akiwa na umri wa miaka 80. Mtu aliyewahi kuwa na sehemu kubwa ya ploti za biashara za Nairobi hakuacha utajiri wa kutisha. Aliacha jina juu ya lango la bustani.

Baada ya uhuru mpaka wa jiji ulipanuliwa tena, hadi takriban kilomita 690 za mraba, na Karen na Lang'ata zikaingizwa. Masharti ya rangi yalikufa, na Waafrika wenye uwezo wakahamia vilimani. Lakini mwaka wa 1983 serikali iliivunja halmashauri ya jiji na kuweka tume ya watu walioteuliwa, ambayo iliendelea hadi 1992. Kwa muda huo wote wenye ploti waliendelea kuletewa bili za ada huku wakiwa hawana hata diwani mmoja waliyemchagua. Kivitendo Nairobi nzima ilikuwa imewekwa mahali ambapo Jeevanjee alikuwa amekaa mwaka wa 1909, safari hii bila kujali rangi.

Matokeo yalionekana haraka. Taa zilizimika, mashimo yakajaa barabarani, na bustani za umma zikageuka kuwa vichaka na maficho ya wahalifu. Kisha wakaja wanyakuzi. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, mpango uliozimwa baada ya Wangari Maathai kuupinga. Miaka miwili baadaye, 1991, zamu ikawa ya Bustani ya Jeevanjee, ambako tume ya jiji ilitaka kuruhusu ujenzi wa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga mpango huo, akiwakumbusha wakuu kwamba ardhi ile ilitolewa kwa ajili ya umma na haikuwa ya tume kugawa. Mpango huo uliachwa. Patel aliendelea kuchimba maisha ya babu yake, na mwaka wa 1997 akachapisha kitabu kuyahusu.

Hoja ya waliotaka kujenga haikuwa ya kijinga kabisa. Walisema bustani inakula fedha na haiingizi hata senti, ilhali maegesho yangeujaza mfuko wa jiji. Walichosahau ni kwamba bustani hulipwa kwa njia ya mzunguko. Ploti za kandokando yake hupata hewa, mwanga na wateja, thamani yake hupanda, na ada ya ardhi hutozwa juu ya thamani hiyo. Bustani iliyofanywa maegesho huleta fedha za tikiti na kupunguza kile ambacho ada ya majirani inasimama juu yake. Shida ilikuwa kwamba kwa miaka mingi jiji liliendelea kutumia rejista ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata baada ya mwaka 2010, wakati bei za ploti zilikuwa zimepaa mara nyingi zaidi. Mji uliacha kuvuna kivuli ulichokipanda wenyewe, kisha ukalalamika kwamba hauna pesa za kukata nyasi.

Katika mitaa ya magharibi wenye nyumba waliamua kujitafutia njia. Chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata, kilichoanzishwa mwaka wa 1940, kilikwenda mahakamani miaka ya 1990 kikilalamikia ada zinazolipwa bila huduma kuonekana. Katikati ya jiji, wenye biashara waliunda chama chao mwaka wa 1997 ili kurejesha usafi na usalama. Vyama vya wakazi vikazuka kila mahali, vikikusanya michango ya walinzi, taa, kufyeka kandokando ya barabara na kupanda miti.

Njia hiyo imezaa matunda, lakini ina kilema. Michango hiyo ni ya hiari. Katika jengo la fleti sheria humlazimisha kila mwenye nyumba kuchangia matunzo ya uwanja wa pamoja, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020 imelikaza jambo hilo. Nje ya lango mambo hubadilika. Jirani mkaidi anaweza kukataa kutoa hata shilingi na bado akapita chini ya jakaranda zilezile. Na wanaochanga hulipa mara mbili, mara moja kwa kaunti na mara ya pili kwa chama, jambo linalowafanya wazidi kuichukia ada ya kwanza. Mtaa wenye matajiri huwa na maua. Mtaa usio na wenye uwezo wa kuchanga, kama vile Kawangware iliyo ng'ambo tu ya Lavington, hubaki na vumbi.

Bustani ya Jeevanjee haiwezi kuokolewa kwa njia hiyo, kwa sababu haina mtaa wake. Wanaoitumia hawana ploti mjini. Hutoka Mathare, Kibera na Kayole, hushuka kwenye matatu na kurudi jioni. Hakuna chama cha wakazi kitakachowatoza ada ya kivuli. Matunzo yake yanategemea mfuko mkuu wa kaunti iliyoichukua nafasi ya halmashauri mwaka wa 2013, yaani yanategemea mwenye nyumba wa Karen na mwenye duka wa Biashara Street kulipa kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa ya ada za ardhi, iliyochukua nafasi ya sheria za zamani zilizoachwa na wakoloni.

Mipango ya kujenga katika bustani hiyo ilirejea tena baada ya mwaka wa 2000, nayo ikapingwa kama ile ya kwanza. Sanamu ya Malkia Victoria haikubahatika: mwaka wa 2015 ilikutwa imeangushwa na kichwa chake kukatwa. Miti aliyoizingira ingali imesimama, na saa saba mchana ikifika, kupata nafasi kwenye nyasi zilizo chini yake ni bahati.